Bastola Iliyotunzwa Kupita Kiasi

Shangazi hakuwahi kuifungua bastola yake bila kwanza kuipigia hodi. Alichomoa magazini ya risasi akaiweka kando, akaivuta nyuma ile sehemu ya juu, akachungulia mahali risasi inapokaa, kisha akatia kidole cha mwisho kuhakikisha kile ambacho jicho lilikwisha kukiona. "Hodi wenyewe!" alisema. Kukiwa kimya na kidole kimekuta patupu, ndipo aliporidhika akaketi. Mazoea hayo yalimwingia hadi jikoni. Hata sufuria alizichungulia kabla ya kuziinjika.

"Shangazi, hiyo ni sufuria," binti wa kaka yake alimwambia siku moja.

"Sufuria, bastola, mume, vyote chungulia kwanza, mwanangu. Atakayekucheka atakuwa mzima, na wewe utakuwa mzima."

Binti huyo alikuwa fundi cherehani, na shangazi alimwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa ulimi wake. Alihamia hapo baada ya mume wa shangazi kufariki, ili nyumba isimlemee mjane. Alikuja na cherehani yake, akaiweka sebuleni karibu na dirisha, na meza kubwa ya kukatia nguo ikawa ya watu wawili: upande huu vitambaa, upande ule taulo kuukuu na bastola iliyofunguliwa.

Shangazi alisindikiza gari la kubebea fedha za benki, mwanamke pekee katika kikosi chake, na kazini walimwita Mama Chuma. Zamani, mumewe angali hai, bastola ilikuwa na ratiba yake. Ikipigwa, ilisafishwa siku hiyohiyo. Isipopigwa, ilifutwa jasho na vumbi Jumamosi, kwa kuwa chuma kinachoshinda kiunoni mwa mtu hakikosi jasho. Sasa jioni zilikuwa zimerefuka. Mikono iliyozoea kumwandalia mtu chai ilitafuta kazi, ikaipata. Jumamosi ikageuka kila siku, na kwa kuwa chupa ya mafuta ya cherehani ilikuwa palepale mezani, shangazi aliyamimina kama anayemwagilia bustani. Sindano aliona, akaendelea kushona. Mtu anayejiliwaza huwezi kumpimia mafuta.

Mtihani wa shabaha wa kila mwaka ulipokaribia, vijana wa kikosi walianza maneno. Sheria ilikuwa moja: ukifeli, unashushwa garini na kupelekwa getini kuandika majina ya wageni.

"Mama Chuma, kiti cha getini tumeshakufutia vumbi."

"Kifuteni vizuri, wanangu. Msije mkachafua suruali mtakapokikalia."

Lakini siku ya mazoezi bastola ilimwaibisha. Alipiga mara moja, na alipotaka kurudia, ile sehemu ya juu ikakomea katikati, imeliuma ganda la risasi kama mbwa na mfupa. Akalitoa. Ikapiga, ikakwama tena. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

Alirudi nyumbani bila kusalimia. "Imezeeka," alisema akitandaza taulo. "Tumezeeka wote. Getini kuna kivuli, nasikia."

"Shangazi, na gari?"

"Gari litaenda tu. Si mimi ninayelisukuma."

Ila Sindano alijua kwamba lile gari ndilo lililomwamsha shangazi yake asubuhi zile ambazo hakuona sababu nyingine ya kuamka. Akamtazama akichukua mswaki mkuukuu na kuanza kusugua, na ndipo alipouona uchafu uliotoka: uji mzito wa mafuta, na ndani yake vinyweleo vyekundu. Tangu mwezi uliopita alikuwa akishona majoho mekundu ya kwaya. Kila akikata, manyoya ya kitambaa yalipaa na kutua popote palipo na unyevu.

Angeweza kukaa kimya. Akavuta kiti.

"Shangazi, hivi vyekundu ni vyangu."

"Vipi?"

"Vinatoka kwenye majoho. Wewe ukiviona unadhani bastola imechafuka, unaongeza mafuta. Mafuta yanavinasa vingine, kesho unaongeza tena. Mashine yangu nikiifanyia hivyo hugoma. Mimi huitia tone, halafu nashonea kitambaa kibovu mpaka mafuta yasionekane."

"Cherehani haipambani na majambazi."

"Na hiyo yako kwa sasa inapambana na nani?"

Shangazi aliinua uso. Sindano alijiandaa kufukuzwa mezani. Badala yake, shangazi alianza kucheka kidogokidogo, kicheko kikapanda mpaka akashika ukingo wa meza. "Ulimi huo! Kaka yangu alizaa wembe akauita mtoto!"

Kesho yake aliipeleka kwa fundi wa silaha wa kampuni, na jioni alirudi akimwigiza, mikono kiunoni, kitambi mbele. "'Mama Chuma, hii ni bastola au kikaango?' Ananiuliza mbele ya watu! Naye kasema kama wewe. Niipigapo, niisafishe siku hiyo. Nisipoipiga, niifute mara moja kwa wiki, na mara moja kwa mwezi niifungue yote. Mafuta tone tu panaposuguana, kisha nifute mpaka nidhani nimeyamaliza. Penye risasi pawe pakavu."

"Na siku nyingine?"

"'Siku nyingine iache ipumzike.' Halafu kaniangalia, mshenzi yule, akasema, 'Na wewe pumzika.'"

Hilo ndilo lililokuwa gumu. Jioni ya kwanza, bastola ikiwa imefungiwa kwenye sanduku lake la chuma chumbani, shangazi alizunguka sebuleni, akapanga viatu, akachungulia birika lisilo na kitu. Sindano alimtupia joho na vifungo.

"Nishone? Mimi?"

"Vifungo tu. Mtoto anaweza."

Alishona kwa uangalifu mkubwa, ulimi nje, na aliposimama kujionyesha, joho lilisimama naye. Alikuwa amelishona pamoja na sketi yake. Walicheka hadi jirani akagonga ukuta, na walipomaliza kucheka wakatazamana, wakaanza upya. Tangu jioni ile mikono ya shangazi haikukosa kazi, ingawa vifungo vyote ilibidi virudiwe kwa siri.

Siku ya mtihani jamaa waliruhusiwa kutazama nyuma ya uzio, na Sindano alikwenda, vidole masikioni. Shangazi alisimama kwenye mstari, akavuta pumzi. Risasi ya kwanza ilitoka. Sindano akafumba macho, akingoja ule ukimya wa chuma kilichokwama. Haukuja. Ya pili ikafuata, na ya tatu, kwa mwendo wa mtu anayepanda ngazi za nyumba yake mwenyewe, mpaka magazini ikaisha. Mkufunzi alikwenda kwenye shabaha, akaitazama, akaibandua na kuja nayo mkononi. Matundu yote yalikuwa yamesongamana kifuani mwa yule mtu wa karatasi.

"Garini," alisema.

Shangazi aliiweka bastola chini kwanza, tupu, kama inavyotakiwa. Kisha akacheza. Alicheza na viatu vyake vizito vya kazi, akawashika mikono vijana wale waliomfutia kiti, nao wakacheza, mmoja wao akimwambia, "Mama, tusamehe, getini tutakwenda wenyewe."

Asubuhi iliyofuata gari lilipiga honi nje. Shangazi alikuwa mlangoni akifunga mkanda, na Sindano alikuwa amesimama na kikombe cha chai, akiyazungusha maneno aliyolala nayo.

"Shangazi, nimepata kibaraza sokoni, kwa mafundi wenzangu. Nitahamishia mashine huko. Haya manyoya yasije yakakuharibia tena."

Shangazi alimpokea kikombe, akanywa funda moja, akamrudishia. Alitazama meza, dirisha, rundo la majoho mekundu. Honi ikalia mara ya pili.

"Sindano, ukiihamisha hiyo cherehani, nitafutie na mimi pa kuhamia."