"Mimi Iko" Haikuwa Ugonjwa

Nawasalimu wote, hasa wewe ambaye ulimi wako umelala na unasomewa haya na mwingine.

Kabla sijaugua, nilikula kwa mdomo kama kila mtu, lakini pia nilifanya kazi kwa mdomo. Amani ilipotiwa sahihi tulirudi Juba kutoka ukimbizini Arua, Uganda, na kila Jumapili nilisimama kando ya mchungaji kanisani kwetu, mtaa wa Gurei. Yeye alihubiri kwa Kiingereza, mimi nikatafsiri kwa Kiarabu cha Juba. Nilijivuna, nakiri. Mhubiri akirefusha, nilimfupisha. Presha nilikuwa nayo, na vidonge nilimeza siku nilizokumbuka.

Asubuhi moja nikifua nguo, mkono wa kulia ukawa mzito, shati likaniponyoka. Nikataka kumwita mdogo wangu Keji. Mdomo ulikuwa umekwenda upande, mate yanatiririka mpaka kifuani. Nilijikojolea pale pale, nikijua kabisa kwamba najikojolea.

Hospitalini walisema ni kiharusi. Baada ya wiki kadhaa mkono na mguu vilirudi. Maneno hayakurudi. Nilibaki na moja tu, "aiwa", yaani ndiyo.

"Mama, unaumwa?" daktari aliuliza.

"Aiwa."

"Au huumwi?"

"Aiwa."

Nililia kwa hasira, maana kichwani nilijua ninachotaka kusema.

"Hii inaitwa afasia," daktari alimwambia Keji. "Akili yake ipo. Njia ya maneno ndiyo imeumia."

Ajabu ni kwamba nyimbo za kanisa zilitoka nzima. Keji akawa ananiimbisha tukichambua mboga, na polepole maneno yakaanza kurudi, mawili, matatu. Mchungaji akasema atasubiri karatasi ya mtaalamu wa usemi kabla ya kumweka mkalimani mwingine. Karatasi hiyo niliiogopa kuliko sindano.

Mtaalamu alikuwa dada Mkenya, mpole, kwenye kliniki moja ya mtaa wa New Site. Kiarabu chetu hakukijua, Kiingereza changu kilikuwa bado kimelala, kwa hiyo tukatumia Kiswahili. Akanionyesha picha ya jikoni, akashika saa.

"Mama, nieleze unachoona. Usiharakishe."

"Mama... iko... iko napika. Mimi iko naona... moto."

Alihesabu maneno, akaweka alama kila niliponyamaza. Kisha akatikisa kichwa taratibu. "Ufasaha bado uko chini. Na sentensi zimevunjika, sarufi imepotea."

Nikahisi kanisa linaniondoka. Keji, aliyekaa mlangoni, akaangua kicheko.

"Sista, hiyo hapana ugonjwa! Huyu iko naongea hivyo tangu Arua. Sisi yote iko hivyo!"

Kweli. Kwa Kiswahili, kalamu yangu ilikwenda shule, lakini mdomo wangu ulilelewa sokoni kule Arua.

Dada yule hakukasirika. Alimpa Keji picha ileile, akashika saa. Keji akamwaga "iko" kama mvua, bila kusita hata mara moja. Mtaalamu akacheka mpaka akafuta macho, kisha akakata mstari wa sarufi kwenye karatasi yangu.

"Nilipima lugha yenu, sikupima ugonjwa," alisema. "Samahani, mama. Kilichobaki ni kusitasita, na hiyo tutaifanyia kazi."

Tuliifanyia kazi mwaka mzima. Leo nimerudi kando ya mchungaji. Bado nakwama, hasa kwenye majina ya manabii, na watu wananingoja. Sasa yeye ndiye anayefupisha.

Namshukuru Mungu, yule dada, na kicheko cha Keji. Meza vidonge vyako hata siku unazojisikia mzima. Na ukimpeleka mgonjwa wako kupimwa maneno, nenda na mtu anayejua alivyoongea kabla hajaugua.

Siku zile za "aiwa", Keji alikuwa akiita kutoka uani kila asubuhi, "Dada, uko?" nami nisiweze kumjibu sawasawa. Bado anaita. Najibu kwa sauti, majirani wasikie: "Mimi iko!"