Gari Lililokata Kona Lenyewe

Nianze kwa kuisifu gemu, maana nikishaanza kuisema vibaya sitaweza kujizuia. Ni mbio za magari za mitaani. Mji wote umewashwa taa, lami imelowa mvua, na rangi za taa zinateleza juu ya boneti kila unapokata kona. Haina masomo marefu. Unashika maneti, kile kidude cha kuchezea kwa mikono miwili: kidole cha kulia kinakanyaga mafuta, gumba la kushoto linageuza gari, basi, umeshakuwa dereva. Mimi ni fundi cherehani. Nikishinda nimeinamia sare za shule mpaka mgongo ukauke, nilikuwa nawasha televisheni, na kwa muda mfupi hakukuwa na mtu wa kuniambia suruali inabana.

Mashine ya gemu niliinunua Goma, ng'ambo ya mpaka, ya mkono wa pili, kwa mama mmoja aliyekuwa anauza vyombo vyake ahame. Maandishi ya gemu yote yalikuwa ya Kichina, au Kijapani, sijui hadi leo. Nilibonyeza kwa kubahatisha mpaka nikaizoea, na nikawa nashinda kila siku. Nilijiona bingwa kabisa. Nikikumbuka nacheka, ingawa si kicheko cha furaha.

Kasoro zake nilizijua, au nilidhani nazijua zote. Magari hayana uzito, unaweza kuliinua lolote kwa kidole. Breki zimewekwa kama pambo. Ukigonga ukuta, ukuta unakusukuma barabarani kwa adabu na unaendelea na safari. Na wapinzani wako ni waongo wakubwa: ukibaki nyuma wanapunguza mwendo wakungoje, ukiwaacha mbali wanakutokea ghafla mgongoni kana kwamba walipita njia ya mkato. Kwa hiyo kila mbio inaamuliwa kwenye kona ya mwisho, na moyo unakwenda mbio hata siku ambayo hukustahili. Haikunisumbua. Ukweli nilikuwa nao wa kutosha mchana kutwa.

Aliyekuja kusumbuliwa nayo ni baba yangu. Maisha yake yote alikuwa dereva wa fuso, anapakia viazi Busasamana na kuviteremsha Kigali. Kisha kiharusi kikampiga upande wa kushoto. Mguu ulirudi, kwa kuburuta. Mkono ulikataa. Hospitalini mtaalamu wa mazoezi alimwambia avichezeshe vidole kila siku, kwa kitu chochote anachokipenda.

Tajiri wake, mwenye fuso, alikuja kumjulia hali na akasema mbele yangu: "Muzee, fuso ni yako. Nitatafuta mutu wa kuishikilia kidogo. Viazi vya saison ingine vikitoka, nakuja, tunapanda sisi wawili, unaendesha mpaka Nyundo na kurudi. Ukiweza, kazi iko palepale."

Baba alimshukuru mpaka nikaona aibu. Alipoondoka, akaniambia kwamba asipolipata lile gari atakuwa mzee wa kulishwa na binti yake, na kwamba hilo hataliweza. Hakulisema kwa hasira. Aliniangalia kama anayeuliza njia. Nami, kwa kuwa gumba la kushoto ndilo linaloendesha kwenye gemu, nikampa maneti.

Siku za mwanzo zilikuwa vichekesho. Baba alisimama kwenye taa nyekundu. Hata wapinzani wenye tabia ya kungoja walikwisha kupotea, yeye anangoja kijani. Akashika upande wake wa kulia, kama ilivyo sheria ya kwetu, akapunguza mwendo kwenye kila makutano, akamaliza wa mwisho na hakujali. Polisi wa kwenye gemu walipomfukuza kwa ving'ora, akaegesha pembeni vizuri, na wao wakaja wakamgonga.

"Hii polisi inanigonga juu ya nini?" akauliza. "Hata perimi ya kuendesha haijaniomba!"

"Baba, ni mchezo. Inabidi ukimbie."

"Nikimbie polisi? Mi?"

Kisha akaniuliza watu wa mji ule wako wapi. Nikatazama. Nilikuwa nimecheza kwa muda mrefu na sikuwa nimewahi kuona kwamba mitaa yote ile haina mtu. Hakuna muuza karanga, hakuna mwanamke mwenye beseni kichwani, hakuna pikipiki inayokatiza. Baba akasema barabara bila watu si barabara, ni uwanja. Niliona anaionea gemu.

Lakini aliendelea, maana vidole vilikuwa vinafanya kazi. Polepole akaacha kusimama kwenye taa. Akaanza kuyapita magari. Siku aliyochukua nafasi ya kwanza alipiga kelele, mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna msiba. Baada ya hapo akawa anashinda karibu kila mara, na gumba lake nililiona kwa macho yangu likisukuma kwa nguvu. Akaanza kunyoa ndevu tena. Akaniomba nimshonee upya mfuko wa koti lake la safari, ule anaowekea karatasi za gari. Msikitini aliwaambia wenzake kwamba mkono umerudi, na wakamwombea dua ya kushukuru. Mimi nilikuwa nimepiga moyo konde tangu augue, nisitegemee kitu. Wiki zile niliulegeza. Nilifurahi kama mjinga.

Alasiri moja ya mvua nilikuwa natia vifungo, nikamsikia ananiita.

"Mama, kuya uangalie."

Huniita mama anapokuwa na jambo zito. Nilimkuta kwenye kiti, mbio zimeanza. Kidole cha kulia kilikuwa juu ya mafuta. Mkono wa kushoto alikuwa ameulaza kwenye paja lake, kiganja juu. Gari likaifikia kona kali ya darajani, nikafumba macho kidogo. Likakata kona. Likanyooka, likakata nyingine, likampita mpinzani. Liliendelea hivyo mpaka mwisho, na likachukua nafasi ya pili.

"Sikugeuza kitu," akasema. "Iko inajiendesha yenyewe. Mi nilikuwa nasukuma tu, kumbe haikuwa inanisikia."

Nilimbishia. Nikamwambia labda ni bahati, labda gemu imeharibika. Nikachukua maneti, nikafanya kama alivyofanya, na gari likanipeleka vizuri vilevile. Nikaingia kwenye ukurasa wa mipangilio, ule ambao sikuwahi kuuelewa, nikabonyeza kila alama mpaka nikafika kwenye kapicha kadogo ka usukani. Nikakazima. Tukarudi barabarani. Kwenye kona ya kwanza mimi bingwa nilijibamiza ukutani kama mlevi.

Sikuumia kwa ajili ya ubingwa wangu. Niliumia nilipompa Baba maneti naye akajaribu. Gumba lilikuwa linajua pa kwenda, hilo lazima niliseme. Lilikuwa linachelewa tu. Lilifika baada ya kona kupita, kila mara, naye akawa anasukuma mpaka jasho likamtoka juu ya mdomo, na ukuta ukawa unampokea. Nikasema tutafanya mazoezi, bado kuna muda. Akajibu, "Ndiyo, mama," kwa sauti ya mtu anayemtuliza mtoto.

Tulifanya mazoezi kila siku mpaka viazi vikatoka. Gumba halikuharakisha hata kidogo.

Tajiri alikuja asubuhi, na fuso yake, anacheka tangu mlangoni. Habari za msikitini zilikuwa zimemfikia. "Muzee, nasikia unakimbiza voiture kuliko vijana!" Baba alikuwa amevaa koti. Sikumsikia akimsahihisha. Akapanda kwa shida, nikamsukuma kwa nyuma, tajiri akakaa upande wa pili, mimi nikabaki chini karibu na dirisha la dereva.

Akawasha injini. Akaweka mkono wa kushoto kwenye usukani na wa kulia kwenye gia. Wa kushoto ukateleza, ukaangukia paja. Akauinua kwa ule wa kulia, akaurudisha juu, akavikunja vidole kimoja kimoja. Akaigusa gia. Ukateleza tena. Tajiri alikuwa anaangalia mbele, kwenye ukuta wa jirani, kwa makini mno. Fuso ilitetemeka pale ilipo. Baba akajaribu mara nyingine, kisha akazima, akachomoa ufunguo.

"Patron, uko na mutu mwingine?"

Tajiri akaendelea kuuangalia ukuta. "Iko," akasema. "Iko hapo kwenye kona."

Alikuja naye, basi. Alimshusha kabla ya kufika kwetu ili tusimwone. Sijui kama huo ulikuwa wema au dharau. Nimeufikiria sana na bado nina hasira nao.

Yule dereva mpya alipofika alimwamkia Baba kwa heshima na hakujua asimame wapi. Baba akamwonyesha gari lote. "Gia ya pili inarukaka, uishike na goti. Ukifika muteremko wa Buranga na mzigo, usiamini freni, tumia injini." Alizungumza kwa furaha, kwa kirefu, kuliko alivyozungumza nami mwaka mzima. Kisha wakapanda, wakaondoka kwenda kupakia, na sisi tukabaki na gunia la viazi alilotushushia tajiri mlangoni.

Niliingia jikoni nikalia, na sikujificha. Niliporudi, Baba alikuwa amevua koti, amekaa mbele ya televisheni, maneti iko magotini.

"Mama, kale ka musukani. Ukarudishe."

"Baba, kwa nini?"

"Ukarudishe tu. Nataka kushinda."

Nikakarudisha. Nikaenda kukaa kwenye cherehani yangu, nikashika kazi, na kutoka chumba cha pili nikawa namsikia akishinda.