Laptopu Ndogo na Mikono ya Mama

Wanaoniuliza kama zile laptopu ndogo zenye kamera juu ya kioo zinafaa kununuliwa, huwajibu kabla hawajamaliza swali: zinafaa. Yangu ina vibonye vilivyosongamana hata vidole hugombania nafasi, chaji yake haikai, na ukiiwasha una muda wa kuinjika chai ikachemka. Kwa kuandikia barua ni balaa tupu. Lakini sikuinunua niandikie barua.

Mama yangu hasikii wala hasemi tangu homa iliyompata utotoni. Wapo majirani hapa Mishomoroni wanaomwita bubu, na hao hawajamwona akigomba. Husema kwa mikono, kwa lugha tuliyoiunda nyumbani sisi watatu: yeye, mimi na mdogo wangu. Jina la mdogo wangu ni kidole kidevuni, kwa sababu ya kile kishimo chake. Langu ni vidole viwili vikipigapiga midomo, na sababu yake sina haja ya kuieleza.

Mdogo wangu alipopata kazi ya hoteli Maskati, mimi nikawa mjumbe. Yeye huandika kwenye simu, nami humwelezea mama kwa mikono. Mama husema, nami huandika. Na kwetu habari ngumu hupunguzwa makali kabla ya kufikishwa. Mdogo wangu alipoandika kwamba ameongeza mkataba, nilimwambia mama, "Anakuja karibuni." Mama alipolia akimtaka mwanawe arudi, niliandika, "Hajambo, anakusalimu sana." Wallahi niliona nafanya wema.

Karibuni yangu ilipotimiza mwaka, mama aliacha kuuliza. Kisha asubuhi moja aliniketisha jikoni, akagusa kidevu, akalaza shavu kwenye kiganja na kufumba macho. Mwanangu mgonjwa, hawezi, nanyi mnanificha. Nilimwonyesha picha alizotuma mdogo wangu, akazisukuma kando. Kucheka kwenye picha, alisema, hata mgonjwa huweza. Chai yake ilipoa mezani hakuigusa, na kesho yake vivyo hivyo. Niliogopa sana.

Tulijaribu simu. Mama akiishika, anabakiwa na mkono mmoja, na kwake mkono mmoja ni nusu ya neno. Tuliiegemeza kwenye kopo la sukari, ikaanguka katikati ya salamu. Tulipoisimamisha tena, picha ilikuwa ndogo mno kwa macho yake. Aliona uso, vidole hakuviona. Akaondoka na imani yake ile ile.

Ndipo nikaenda kwenye duka moja la laptopu zilizotumika, Changamwe, karibu na ofisi ninayofanyia kazi. Muuzaji, kijana wa bara, alicheka nilipoinyooshea kidole ile iliyo ndogo kuliko zote.

"Siste, hiyo ni ya watoi. Simu yako iko na kamera poa kushinda hiyo."

Nilimpa simu yangu, nikatoa leso kwenye mkoba. "Mama yangu husema kwa mikono. Haya, nifungie fundo leso hii, na simu usiiweke chini."

Alijaribu kwa vidole, akajaribu kwa meno. Akacheka tena, safari hii akijicheka mwenyewe.

"Basi iko sawa," alisema akiifungia kwenye mfuko. "Na ni nyepesi, hata mathe ataibeba na mkono moja."

Jumapili alasiri niliiweka mezani juu ya sufuria iliyofudikizwa, kamera ikamfikia mama kifuani. Mdogo wangu alitokea kiooni, mkubwa wa kutosha, naye ameazima laptopu ya mwenzake wa chumba. Akatikisa kichwa. "Siioni mikono ya mama," aliniambia kwa sauti, "imepotea kwenye maua!" Mama alikuwa amevaa dera lake la maua makubwa. Nilipomfahamisha, aliinuka akaenda kuvaa buibui, ndani ya nyumba yake mwenyewe, na jirani aliyechungulia dirishani akauliza mama anatoka kwenda wapi. Juu ya ule weusi kila kidole kilionekana.

"Unaumwa?" mama aliuliza.

"Siumwi. Nimenenepa." Mdogo wangu akasimama na kujizungusha. Mama alicheka kwa sauti, kicheko ambacho huwa hakitoi mbele ya watu.

"Unakuja lini?"

Nilinyoosha mkono kuingilia kati, lakini hapakuwa tena na kati ya kuingilia. Mdogo wangu aliinua vidole viwili, kisha akafunika mdomo kwa kiganja. Hiyo kwetu ni Ramadhani, na Ramadhani moja ndiyo mwaka.

Mama akanigeukia taratibu, kisha akakirudia kioo. "Huyu," akapiga midomo kwa vidole viwili, "ameniambia karibuni."

"Mimi ameniambia hulii."

Wakanitazama wote wawili, mmoja yuko mezani na mwingine Maskati. Niliona haya. Mama alilia papo hapo mbele ya kamera, mdogo wangu akalia naye, na safari hii hakuna aliyempunguzia mwenzake. Kisha mama alijifuta kwa mtandio, akaibeba laptopu kwa mkono mmoja kama alivyosema yule kijana, akaingia nayo chumbani kwake na kuusukuma mlango kwa kisigino.

Nilibaki na sufuria. Nyuma ya mlango nilisikia bangili zake zikigongana, mara upesi, mara polepole, kisha kicheko. Mikono hiyo nimeisoma tangu sijajua kutamka neno, na leo ilikuwa ikisema nisiyoyajua.

Karibu na magharibi chaji iliwaishia. Mama alifungua mlango, macho mekundu, akanikabidhi laptopu niichaji upesi, akaketi na kuvuta kikombe chake cha chai. Nilimuuliza walikuwa wakisema nini muda wote ule.

Alikunywa kwanza, akakiweka kikombe chini ili aipate mikono yote miwili.

"Hajambo," akaniambia. "Anakusalimu sana."