Pasi Yangu kwenye Kanzu ya Padri

Namshukuru Mungu kwa matope ya barabara ya Kabondo-Dianda. Mimi hupiga pasi nguo za misa hapa Kamina. Zamani, kila nilichoharibu nyumbani nilimsingizia mbuzi. Kidogo kidogo, kwa sala, nikajifunza kumwambia mume wangu, "Ni minyi," yaani ni mimi niliyeharibu. Lakini nilipounguza kanzu nyeupe ya padri wetu kwa pasi ya makaa, niliikunja nikanyamaza, na mwenzangu Mama Feza ndiye aliyelaumiwa.

Niliomba ujasiri wiki nzima, nikapewa nusu. Niliamua kuungama kwa padri mgeni anayetoka Kabondo-Dianda, asiyemjua mtu hapa. Jumamosi nikapiga magoti kwenye kiti cha kitubio, nikasema yote kupitia wavu, hadi habari za mbuzi.

Kisha sauti ninayoijua sana ikasema, "Njia ilikuwa mubaya, mama. Mugeni hakufika. Ni minyi."

Pembeni mwa wavu ukatokea mkono wa kanzu, na juu yake alama ya pasi yangu, kamili hadi ncha.

"Asante kwa kusema," akaongeza. "Sasa ambia na Mama Feza."

Nikatoka. Mama Feza alikuwa wa kwanza kwenye foleni.

"Ni minyi," nikamwambia.