Mwanangu Anamshukuru Mungu kwa Uongo Niliomwambia

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nnaomba mnifichie jina, maana mji wetu ni mdogo na mke wangu yungali hai. Sitaki asomewe haya na mtu. Mie ni mwanamme wa miaka arubaini na nne, nnakaa Mlandege, ghorofa ya pili, pamoja na mke wangu, mkwe wangu, yaani mama yake mke wangu, na mtoto wetu mmoja wa kike wa miaka kumi. Nitamwita Nasra, si jina lake. Nilikuwa mpishi katika hoteli moja huko Kiwengwa. Kazi niliiacha ili nimuuguze mke wangu.

Ana saratani ya ini. Tulikwenda bara tukakaa wiki tatu, na siku ya mwisho dakitari alitukalisha akatwambia kwa upole kwamba dawa ya kuiondoa hakuna, zipo za kupunguza maumivu tu, na kwamba tuhesabu miezi, tusihesabu miaka. Mke wangu alimshukuru. Tuliporudi nyumbani, Nasra alikuwa anatusubiri juu ya ngazi, na kabla sijaweka begi chini akaniuliza dakitari kasemaje. Nikamwambia, "Kasema mama atapona." Sikupanga kusema vile. Yalinitoka tu.

Tangu siku ile mke wangu akaweka sharti lake. Tukimaliza kula mchana, kabla hajainuka mtu mkekani, kila mmoja aseme kitu kimoja kilichomfurahisha siku hiyo. Alisema ugonjwa umeshachukua vya kutosha, chakula chetu cha mchana hautokichukua. Basi tukawa tunasema. Mkwe wangu hushukuru muhogo wa nazi aliouleta jirani, au usingizi alioupata baada ya alfajiri. Nasra hushukuru kwamba mwalimu wa hesabu hakuja skuli. Siku moja mke wangu alishukuru kwamba amekwenda chooni na kurudi bila ya kushikwa mkono, akaieleza safari yenyewe kama mtu aliyetoka Hija. Wallahi tulicheka siku ile, mpaka mkwe wangu akajifuta machozi kwa pindo la kanga.

Nnakiri kwenu kwamba mie hudanganya. Zamu yangu ikifika nabuni, leo mchuzi umekolea, leo kuna upepo. Moyoni hamna kitu. Wenzangu wanacheka, mie naangalia pale anapokaa mke wangu na kuwaza patakavyokuwa patupu. Ijumaa moja alasiri alitamani maji ya miwa, tukampeleka Forodhani. Alikunywa mafunda mawili, yaliyobaki akampa Nasra, wakakaa wanawacheka paka wawili waliokuwa wakigombania mkia wa samaki. Aliyepita pale aliona watu wenye raha zao. Mie nilikwenda pembeni nikalia, niliporudi nikasema moshi wa mishkaki umeniingia machoni. Wakati mwengine namkasirikia mke wangu kwa utulivu wake, halafu naona haya.

Wiki mbili zilizopita, zamu ya Nasra ilipofika, alisema, "Mie nashukuru mama anapona."

Siku hiyo mama yake alikuwa amekula vijiko vitatu vya uji. Mkwe wangu akainamisha uso. Mke wangu akajibu, "Amin, mwanangu."

Nasra alipokwenda chuoni kusoma Kurani, nikamwambia mke wangu kwamba sasa lazima tumwambie. Nikamkumbusha yaliyonifika mie. Nilikuwa na miaka kumi na moja baba yangu alipougua, na nyumba nzima ikijua isipokuwa mie. Siku moja nikarudi kutoka skuli nakuta viatu vya watu waliokuja mazikoni vimejaa mlangoni. Mama yangu naye keshafariki, na kunificha kule sijamsamehe mpaka leo.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Baba Nasra, akijua hatocheka na mie tena. Ataniuguza. Nna siku chache, usinichukulie mtoto wangu."

Mkwe wangu akasema mgonjwa ndiye mwenye haki ya kuchagua. Nikakusanya sahani, na Nasra sikumwambia.

Jana mchana nilipakua wali na samaki wa nazi. Nasra akakaa mkekani na sisi lakini chakula hakukigusa. Nikadhani anaumwa, nikamshika kipaji cha uso. Akaniambia, "Nimefunga, baba. Niliweka nadhiri, mama akipona nifunge siku tatu. Leo ya mwanzo."

Mama yake akamvuta, akambusu utosini, akaniambia nimuwekee tende za kufuturu. Magharibi walifuturu pamoja, mtoto na tende zake, mama na funda la maji, maana chengine hakikai tumboni. Nasra alikuwa na furaha kuliko siku ya Idi. Nami nikiwatazama nilihisi shukrani ya kweli kwa mara ya kwanza tangu tulipotoka bara. Haikudumu hata dakika, ikafuatiwa na uchungu ambao sijapatapo kuuona.

Leo ni funga ya pili. Nnaandika haya alasiri, nimekaa ngazini. Nawasikia ndani, mke wangu anamsuka Nasra, mkono ukimchoka anapumzika kisha anaendelea. Kesho mtoto atakuwa ameondoa nadhiri yake, ataamini kwamba Mungu ameshamjibu. Siku mama yake atakapoondoka atamuuliza nani, Mungu au mie?

Nyie mliowahi kuuguza, na nyie mliofichwa mkiwa wadogo, msinitukane, nambieni lililo sawa. Nimwambie leo, nimpokonye mke wangu kicheko cha mwisho alichonacho? Au nimwache mtoto afunge na kesho? Sina wa kumuuliza humu ndani, na magharibi inakaribia.