Kiti cha Pili Mbele ya Mashine

Nilikosa usingizi kwa swali moja: taa nyekundu ikiwaka nikiwa peke yangu, nitafanya nini?

Nawaandikia ninyi mtakaoajiriwa baada yangu, ingawa mimi mwenyewe bado ni mgeni wa kazi. Siku ya kwanza niliingia kiwanda cha kukoboa kahawa hapa Moshi nikitokea Shirimatunda, nimevaa shati jeupe. Mkuu wa Uchambuzi aliniketisha penye mkanda unaopitisha kahawa, kando ya Mama Aikande wa Kilema, aliyezeeka na kazi ile.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hilo shati utalijutia."

Akina mama wengine waliokuwa wakichambua wakacheka. Hadi mchana shati lilikuwa la kahawia.

Kuchambua ni kutoa punje mbovu. Inayosumbua zaidi ni iliyochacha, kwa sababu huweza kufanana kabisa na nzuri, kumbe inatosha kuharibu ladha ya kikombe kizima. Mama Aikande akiwa na shaka hakuamua mwenyewe. Aliiweka kiganjani na kuuliza, "Jirani?" Mmoja alinusa, mwingine aling'ata, wakabishana kwa Kichagga mpaka wakubaliane. Ndivyo mkanda ule ulivyoendeshwa.

Kisha ikaletwa mashine yenye kamera, inayopuliza nje punje mbovu kwa upepo. Ilihitaji mtu mmoja wa kuisimamia. Meneja akatangaza mtihani: atakayefaulu abaki, wengine wamalize msimu waage. Kila mtu alikaa peke yake mbele ya kioo cha mashine kinachoonyesha maandishi. Taa nyekundu ikiwaka, maana yake mashine inatupa kahawa kupita kiasi, nawe utafute sababu.

Ikawaka kwa Mama Aikande. Alichota punje zilizotupwa, akazitazama, akageuka na kiganja wazi.

"Mama, usiongee na mwenzako! Huu ni mtihani," alisema Fundi aliyetoka Dar kuifunga mashine. "Bonyeza basi, muda unakwenda."

"Nibonyeze nini, baba? Inatupa nzuri."

Akakunja kiganja, akainuka, mtihani ukamwishia hapo.

Zamu yangu ilipofika, nilibonyeza huku na huku. Taa ikazimika. Fundi akanipigia makofi. Mpaka leo sijui ni wapi nilipogusa.

Nikapewa kazi, na hofu ikaanza. Nikikataa, narudi kuzungusha barua za maombi. Nikikubali na kunyamaza, iko siku nitatupa kahawa ya mwaka mzima ya familia fulani huko mlimani. Nikimwomba mama tukae wawili, je, ataona namhurumia? Mwishowe nikamfuata akifunga kanga aende nyumbani.

"Mama, nikikwambia naogopa utanicheka?"

"Nilishakucheka siku ya kwanza. Sema."

Nikasema. Akaitazama mashine kwa mbali.

"Hata mimi inanitisha. Inapumua kama ng'ombe mgonjwa. Lakini ukinisomea hayo maandishi kwa sauti, nitakaa."

Asubuhi nikaingia kwa Meneja.

"Ile taa sijui niliizimaje, mzee. Naomba nikae na Mama Aikande. Kama haiwezekani, tafuteni mwingine."

"Mashine ilinunuliwa ili akae mtu mmoja! Unajua waliopo getini wanaomba kazi?"

"Najua. Nilikuwa nao."

Akachungulia getini kupitia dirishani, kisha akanigeukia.

"Msimu huu tu," akasema. "Mkitupa kahawa ya watu, mnaondoka wote wawili."

Wote wawili. Sasa nilikuwa nimemtia hatarini na mama wa watu. Hata hivyo nilikwenda kwenye mkanda, nikabeba kiti chake, nikakiweka kando ya changu. Akaketi, akakunja mikono ya gauni.

Kabla ya chai, taa nyekundu ikawaka. Kwenye mkanda akina mama wakageuka kututazama.

Mama Aikande akachota punje zilizotupwa, akaninyooshea kiganja.

"Jirani?"

Nikang'ata moja, nikaanza kumsomea kwa sauti maandishi ya kwenye kioo.