Radhi ya Kwenda Mlimani

Koti nililiazima kwa jirani yetu, baharia mstaafu. Lilikuwa la sufu, zito, linanuka karafuu alizolitia mifukoni ili nondo wasilile. Nililiviringisha ndani ya kanga ya mama, nikalibeba mchana kweupe huku jasho likinitoka. Miaka ile, baada ya Mapinduzi, mtu akionekana Mji Mkongwe na koti la baridi watu hawamwulizi anakwenda wapi. Wanajua anakimbia.

Nami nilikuwa sikimbii. Nilikuwa mwalimu kijana, na mwalimu mwenzangu wa Moshi alikuwa ameniandikia kwamba wakati wa likizo watapanda Kilimanjaro, nifuatane nao. Mimi, ambaye mlima niliouzoea ni ngazi za nyumba yetu. Kuvuka kwenda bara kulitaka kibali, na changu kilikuwa bado hakijatoka. Kila nikisikia viatu vizito uchochoroni, nililisukuma koti uvunguni mwa kitanda.

Siku moja nilipokuwa narudi kutoka skuli, bibi mmoja wa mtaani akanishika mkono. Nikamwamkia shikamoo, yeye akalia.

"Nenda mwanangu, nshakuwia radhi."

Kumbe mama alikuwa amepita nyumba hadi nyumba kuniombea radhi, kama anavyoombewa mtu anayekwenda Hija, au asiyerudi tena. Kwa safari ya siku kumi. Nilikasirika.

Asubuhi yake nikaitwa ofisi ya vibali. Karani hakunikaribisha kiti.

"Mwalimu, siku kumi tu, na mama'ko kakuombea radhi mtaa mzima?"

"Mama anauogopa mlima," nilisema. Sauti yangu mwenyewe sikuiamini.

Akagonga muhuri kwenye kibali.

"Yeye yupo hapa, hendi popote," alisema. "Likumbuke hilo."

Nilimkuta mama kwenye baraza ya ndani, anashona kifungo cha koti kilicholegea. Nikamwonyesha kibali.

"Mama, nusura nitiwe ndani kwa ajili yako."

Aliendelea kushona.

"Mlima wenyewe, upande wa pili nchi gani?"

"Kenya."

Alikata uzi kwa meno, akalikunja koti vizuri, akaniwekea mapajani.

"Basi radhi za watu nshakuombea zote. Na yangu unayo."

Mpaka hapo nilikuwa nikiogopa kupanda. Tokea siku ile nikaogopa kushuka, nisijue nishukie upande upi.